Vipimo nimefanya mimi, pepa imetoka, jina langu liko kwenye shukrani. Niulize au ninyamaze?

BintiSilika aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, maelezo ni marefu, na hapa kazini sina wa kumwambia maana wote tunakula sahani moja.

Mimi ni fundi sanifu maabara, elimu yangu stashahada. Niko kanda ya Ziwa kwenye mradi wa utafiti wa mbu wa malaria. Fedha ni za nje, mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na kila ikifika Novemba tunaanza kutazamana usoni, nani Januari atakuwepo na nani atarudi kwao. Mnaofanya kazi za miradi mnanielewa.

Kazi yangu ni hii. Asubuhi mitego ya taa inarudi kutoka vijijini, mbu wamo kwenye vikombe. Nawachambua chini ya darubini: dume au jike, kundi gani, tumbo likoje, hajala, kashiba damu au ana mayai. Kila jike anaingia kwenye kichupa chake chenye silika akauke asioze. Baadaye miguu na mabawa yanakwenda kwenye PCR, kipimo cha DNA cha kujua ni aina gani, kichwa na kifua vinakwenda kwenye ELISA kuangalia kama ana vimelea. Kwa macho, kundi zima la funestus utadhani watoto wa tumbo moja. Anayesema ukweli ni jeli tunayosomea DNA hiyo: bendi, yaani mstari wa DNA, ikisimama 505 huyo ni funestus mwenyewe, ikisimama 411 ni rivulorum. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya mizunguko, unaanza upya na unajieleza kwa nini vitendanishi vinaisha haraka.

Sasa sikilizeni, kuna mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye mwongozo wa maabara tuliopewa.

La kwanza, kulikuwa na rundo la sampuli zisizotoa bendi yoyote. Zikaandikwa "hazikusoma" na ikaonekana basi. Mimi nikajaribu kuzimua DNA, sehemu moja kwa kumi, nikahisi kuna uchafu unaozuia mmenyuko. Nyingi zikasoma.

La pili ndilo kubwa. ELISA ilianza kutupa rivulorum wenye vimelea kwa wingi wa kushangaza. Vishimo vinageuka kijani kabisa, huwezi kubisha. Data ikaingizwa, watu wakaanza kufurahi, maana rivulorum kwa kawaida anahesabiwa mbu wa ng'ombe zaidi kuliko wa watu, na hiyo ingekuwa habari. Mimi nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba mbu wanaokula damu ya wanyama wanaweza kutoa kijani cha uongo, na dawa yake ni kuchemsha ile sampuli iliyosagwa, nyuzi 100 kwa dakika 10, halafu uipime tena. Protini ya kimelea inastahimili moto, hicho kinacholeta kijani cha uongo hakistahimili. Nikamwambia bosi. Akasema sawa, endelea. Nikachemsha, nikarudia zote. Wengi wakafutika, wakabaki wachache.

Wiki iliyopita bosi kaweka kiungo kwenye kundi la WhatsApp la mradi na alama za makofi. Pepa yetu iko hewani kama chapisho la awali, yaani imewekwa mtandaoni kabla wahakiki hawajaipitia, na imeshapelekwa kwenye jarida. Nikafungua nikiwa kwenye daladala. Waandishi wamejaa mistari mitatu. Yumo mtu aliyekuja mara moja, akapiga picha na sisi mbele ya friza, akaondoka. Mimi niko chini kabisa kwenye shukrani, kati ya dereva na wenyeviti wa vijiji, na jina limekosewa herufi. Simdharau dereva, bila yeye mbu wangebaki huko huko. Lakini dereva hakuchemsha kitu.

Maswali yangu: kuwa mwandishi ni haki yangu au ni hisani ya bosi? Je, nimechelewa, kwa kuwa imeshatoka? Na nikiamua kuuliza, naulizaje bila kuonekana mjuaji huku mkataba uko mezani? Fedha siombi. Nataka kuomba ufadhili wa shahada, na kila fomu ninayofungua ina kisanduku cha "orodhesha machapisho yako".

---

Mkemia_wa_Jioni aliandika:

Dada, kula posho, lala. Jina na mkataba ni vitu viwili, ukivinyooshea mkono kwa pamoja unaweza kurudi mikono mitupu. Nimeshaona mtu mwenye madai ya haki kabisa anaambiwa "bajeti ya mwaka huu imebana". Nani ataenda kuikagua hiyo bajeti?

---

MwalimuNzi aliandika:

Mkemia hajasema uongo, ila amejibu swali la tatu tu. Nianze na la kwanza.

Majarida mengi ya afya yanafuata masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, iliyoanzia Vancouver mwaka 1978. Kwao mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne kwa pamoja. Awe na mchango mzito katika kubuni utafiti, au kupata data, au kuichambua, au kuifasiri. Awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika, yaani siku likitokea swali asikimbie. Hilo la nne liliongezwa mwaka 2013.

Mabosi wengi wanalitumia sharti la pili kama geti. "Fulani hakuandika, kwa hiyo si mwandishi." Lakini maelezo hayo hayo yanasema, na hapa ndipo watu wanaporuka ukurasa, kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuhakiki, kuandika na kuidhinisha. Mtu hawezi kukuficha rasimu kisha akasema hukuisoma. Kutafuta fedha peke yake, au kuwa mkuu wa idara peke yake, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Kwa hiyo yule wa picha mbele ya friza ndiye mwenye maswali ya kujibu kuliko wewe.

Kingine kidogo. Masharti hayo yanashauri kwamba hata anayetajwa kwenye shukrani aombwe ridhaa kwa maandishi, kwa sababu kutajwa kunaweza kueleweka kuwa amekubaliana na yaliyoandikwa. Uliulizwa?

Upande wa pili nao niuseme. Kama ungekuwa umepima sampuli kwa mwongozo uliopewa, hata ziwe nyingi kiasi gani, ningekwambia hapo kuna ubishi, na wahariri wengi wangekuacha kwenye shukrani. La kuzimua DNA ni ufundi mzuri wa maabara. Lakini la kuchemsha si ufundi tu. Uliona matokeo yaliyowafurahisha wakubwa, ukayatilia shaka, ukapendekeza njia ya kuyajaribu, na jibu la utafiti likabadilika. Kwangu hiyo ni kufasiri data.

---

Mto_Athi aliandika:

Hapa Kenya tuna mfano wa hii stori, na si wa jana. Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, huyo mzee aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi kama ya mawe yaliyokizunguka. Watu wakachimba, wakatoa mifupa ya kijana wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, karibu mwili mzima. Dunia yote inamjua huyo Turkana Boy.

Pepa ilitoka kwa Nature mwaka uliofuata. Waandishi wanne: Brown, Harris, Leakey, Walker. Kimeu hayumo.

Na si eti alidharauliwa. Alipewa medali ya National Geographic, akaipokea Ikulu ya Marekani kwa mkono wa Reagan. Kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus. Chuo cha Case Western Reserve kikampa udaktari wa heshima mwaka 2021, na mwaka uliofuata akaaga. Heshima alipata, tena nyingi. Lakini mtu akitafuta leo nani aliandika kuhusu yule kijana, orodha ni ile ile ya wanne. Medali haiingii kwa marejeleo.

Kwa hivyo dada usikubali wakuambie "lakini tunakuthamini sana". Kuthamini ni kitu kimoja.

---

Babu Darubini aliandika:

Binti, pole na kazi. Mimi nimestaafu, nimekaa kwenye maabara tangu enzi za kunyonya pipeti kwa mdomo. Msiige.

Nakukumbusha habari ya Mpemba, maana wengi mnaijua nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba ni mwanafunzi wa Magamba Sekondari, wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza inagombaniwa, anaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yanaganda kabla ya yale yaliyopoa. Anamuuliza mwalimu, anaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, anakuja Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara. Kijana anasimama anauliza swali lile lile, wenzake wanamcheka. Osborne hakucheka. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja kwenye jarida la Physics Education, na jina la Mpemba likatangulia.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu nyingine imo ndani ya makala yenyewe. Osborne aliporudi chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akapima, akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Watu huwa wanacheka hapo. Mimi sicheki, kwa sababu nimekuwa fundi huyo. Jibu lilikuwa mkononi mwake na yeye akaona ni kosa la kusawazisha, kwa kuwa ndivyo tulivyofundwa: namba ikipingana na kitabu, kosa ni la fundi. Jina lake halimo. (Hilo jambo lenyewe bado linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilipima wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Lakini hilo ni la wanafizikia.)

Wewe kilichokuinua si kuchemsha. Ni kwamba ulifungua mdomo. Kwa hiyo swali langu ni moja: umelisema wapi, na limeandikwa? Zamani daftari la maabara lilikuwa na kurasa zenye namba, unaandika kwa wino, ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa lionekane, unaweka sahihi na tarehe. Mtu akibisha, unafungua ukurasa. Siku hizi data inatoka kwenye kishikwambi inaruka hadi seva, na wewe unabaki herufi mbili kwenye safu ya "aliyepima". Kasi imekuja, nami naisifu, maana kunakili fomu za karatasi usiku kucha nakujua. Lakini fomu ya kishikwambi haina kisanduku cha "nani alishtuka".

---

BintiSilika aliandika:

Babu shikamoo, na asanteni wote. Mwalimu, hapana, sikuombwa ridhaa yoyote. Nilijikuta humo tu.

Nimechimbua. Daftari langu ninalo, la karatasi, sikuacha kuliandika hata vishikwambi vilipokuja, wenzangu walikuwa wananitania. Siku ile nimeandika: "Rivulorum chanya wengi mno. Chemsha 100, dk 10, rudia. Nimeongea na Dkt." Pia kuna barua pepe niliyomwandikia bosi na kiungo cha ile makala niliyosoma, naye akajibu maneno mawili, "Sawa, endelea." Maneno mawili hayo leo nayaona dhahabu.

Mkemia, sikukasirikii. Mwenzetu mmoja aliyekuwa anauliza sana mambo ya bima hakuongezewa mkataba, na hakuna aliyesema ni kwa sababu hiyo. Ndiyo maana naandika hapa kwa jina la silika.

Ila sitaki kwenda na karatasi za ushahidi kama naenda baraza la kata. Bosi wangu si mtu mbaya. Alinifundisha PCR kwa mkono wake. Nafikiri hakulifikiria tu, na kutofikiriwa ndiko kunakoniuma zaidi.

---

Data_Kilo aliandika:

Mimi ni mtu wa data kwenye mradi wa namna hiyo hiyo, nchi hiyo hiyo, ugonjwa mwingine. Swali lako la pili: hujachelewa. Kwenye bioRxiv na medRxiv, tovuti za kuweka machapisho ya awali, chapisho linaweza kupandishwa toleo jipya kabla jarida halijalikubali, na orodha ya waandishi inaweza kubadilika kwenye toleo hilo. La zamani linabaki pale pale na tarehe yake, halifutiki, lakini linalosomwa ni jipya. Kwenye jarida kazi ni kubwa kidogo, kwa kawaida wanadai waandishi wote waandike kwamba wamekubali mabadiliko. Ikishachapishwa kwenye jarida ndiyo inakuwa vita, na mhariri hataamua yeye, atairudisha kwenye taasisi zenu muelewane wenyewe. Kwa hiyo wahi.

Hili litakuwa kubwa zaidi siku zijazo. Gates Foundation tangu Januari 2025 imeacha kulipia ada za kuchapisha kwenye majarida na inataka waliofadhiliwa waweke chapisho la awali. Miradi mingi ya mbu inaishi kwa fedha hizo. Maana yake orodha ya waandishi inabidi ikubalike mapema kuliko tulivyozoea. Zamani ulikuwa na miezi ya majibizano na wahakiki, na katikati yake mtu aliyesahaulika anakumbukwa. Sasa bosi akibonyeza kitufe jioni, kesho asubuhi ipo WhatsApp.

Kuna pia orodha ya michango inayoitwa CRediT, aina 14, kila mwandishi anawekewa alifanya nini: kubuni wazo, kupima, kutunza data, kuchambua, kutafuta fedha na kadhalika. Naipenda kwa sababu inambana yule wa picha. Ila ina tundu: inaeleza michango ya walio kwenye orodha. Kama huko nje haikuoni.

Niongeze la uchungu. Majarida kadhaa sasa yanauliza maswali ya usawa kwa tafiti zinazofanyika nchi kama zetu. PLOS walianza na dodoso lao mwaka 2021, BMJ Global Health nao wana tamko wanalolitaka. Mimi nimesaidia kuyajaza. Yanauliza kama wenyeji wameshirikishwa. Na bosi wako ni mwenyeji, Mtanzania kama wewe. Akijaza jina lake, sharti limetimia. Hakuna kisanduku cha fundi, kwa sababu waliobuni maswali walikuwa wanawaza umbali kati ya London na Mwanza, si umbali kati ya ofisi ya daktari na chumba cha jeli.

Hapo sikubaliani kabisa na wale wanaosema kila aliyegusa sampuli awe mwandishi. Nimeona orodha ya waandishi inayokuwa ndefu kuliko muhtasari, na kwenye orodha ya namna hiyo hata jina lako ukilipata halina uzito.

---

Babu Darubini aliandika:

Umesema vizuri Data. Binti, kuhusu namna ya kuuliza: usiulizie jina. Ulizia rasimu.

Mwandikie hivi, kwa maneno yako: "Daktari, shikamoo. Nimeisoma pepa, hongera kwetu sote. Kuna hatua za maabara nilizofanya ambazo ningependa kuhakikisha zimeelezwa sawasawa kabla wahakiki hawajauliza, hasa ile ya kuchemsha. Naomba faili niweke maoni yangu. Na kama utaona mchango wangu kwenye hatua hiyo unafikia kiwango cha uandishi, nitashukuru tukilizungumza." Basi. Hujadai, hujalia, umejitolea kufanya kazi. Asiyetaka kukupa jina itabidi kwanza akunyime faili, na kunyima faili ni kugumu zaidi kujieleza.

Peleka asubuhi, si jioni. Jioni watu wanasoma barua kwa hasira za foleni.

---

Mkemia_wa_Jioni aliandika:

Babu, hiyo nimeikopi.

---

BintiSilika aliandika:

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi kwa waliouliza faragha.

Nilituma kama Babu alivyosema. Siku nzima kimya. Nikaanza kuhesabu sampuli ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Kesho yake akaniita ofisini, neno la kwanza: "Kwa nini hukusema mapema?" Nikamwambia sikujua kama kuna pepa mpaka nilipoiona kwenye kundi. Akanyamaza kidogo. Halafu akanitumia faili pale pale, akanipa mpaka Ijumaa.

Sasa nisikieni. Sehemu ya mbinu imeandikwa vizuri, Kiingereza cha kupendeza, na kuchemsha hakumo. Hakumo kabisa. Imeandikwa kwamba ELISA ilifanyika kwa njia ya kawaida. Nikaenda kwenye jedwali la vimelea, mstari wa rivulorum, nikaona namba siijui. Nikafungua daftari: hiyo ni namba ya kabla ya kuchemsha! Mtu wa data alichukua faili la kwanza, na aliyeandika mbinu alinakili kutoka pepa yetu ya zamani. Ndani ya majadiliano kuna aya nzima inayosema rivulorum anastahili kuangaliwa upya kama msambazaji muhimu kwenye eneo hili. Huenda anastahili, wapo waliomkuta na vimelea kweli huko nyuma, Muheza hapo hapo kwetu. Lakini si kwa namba hii.

Sikuandika maneno makali. Niliweka maoni pembeni, nikaambatisha picha ya ukurasa wa daftari na faili la pili. Ijumaa saa nne bosi alipiga simu, sauti ya chini: "Umeokoa jahazi." Jumatatu kikawa kikao cha mtandaoni na wale wa Ulaya. Mmoja aliuliza nani amethibitisha matokeo ya mara ya pili. Bosi akasema, yupo hapa, mwulizeni. Nikaongea. Kiingereza changu si cha redioni ila cha maabara ninacho.

Walivyoamua: jedwali linarekebishwa, ile aya inapunguzwa makali, toleo jipya la chapisho la awali linapanda, na mimi naingia kwenye orodha, wa tano. Fomu ya jarida ya kukubali mabadiliko inazunguka kwa sahihi. Wote wamesaini isipokuwa mmoja, na mtamjua bila mimi kumtaja. Yuko safarini, inasemekana.

Mkataba? Sijaambiwa kitu. Novemba bado.

Sasa nina swali la kijinga. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, stashahada ina mawili, pasipoti ina matatu ila mpangilio tofauti. Kwenye pepa niandike lipi?

---

Data_Kilo aliandika:

Si la kijinga, ni la kwanza kabisa. Chagua namna moja na usiibadilishe tena mpaka uzeeke, hata ukiolewa. Mimi ningefuata pasipoti, maana fomu za ufadhili zitalinganisha na pasipoti. Kisha fungua ORCID leo, ni bure, utapewa namba ya tarakimu 16 inayokufuata popote utakapohamia, mpe bosi aiingize kwenye fomu ya jarida. Majina yetu yanafanana mno, bila hiyo namba utajikuta umeandika pepa za upasuaji wa moyo.

---

MwalimuNzi aliandika:

Hongera sana. Kumbuka la nne kwenye yale masharti: sasa ukiulizwa, huwezi kusema mimi nilikuwa fundi tu. Toleo la mwisho likija lisome lote, si sehemu yako peke yake. Na viambatanisho je, umevifungua? Watu hurekebisha jedwali la ndani wakaliacha la nyongeza.

---

BintiSilika aliandika:

Nimefungua sasa hivi. Jedwali la nyongeza la pili lina namba za zamani. Naandika barua pepe nyingine.

---

Babu Darubini aliandika:

Asubuhi, binti. Peleka asubuhi.